Volti Bila Mzigo

Kichwa changu cha treni kina dhiraa moja kasoro shubiri,
bodi ya bati la kopo la samli,
vioo vya chupa ya maji,
namba nimeiandika kwa rangi ya kucha ya mke wangu
ambaye bado hajajua.

Kinaondoka Tanga, yaani mguu wa kabati,
kinapita Muheza, yaani jiko la mafuta ya taa,
na kikianza mlima wa kwenda Mombo
(vitabu vinne vya hesabu chini ya reli)
kinahema, kinatetemeka, kinazima.

Leo siku ya tatu. Kibibi amenishikia tochi.
"Baba, labda abiria wamezidi."
"Hakina abiria."
"Basi ndiyo maana kimekata tamaa."

Nikatoa mita. Kijiti chekundu, kijiti cheusi,
nikaigusa betri ikiwa imekaa tu, haina kazi:
volti nane na nukta moja.
Nzima. Ningeapa mbele ya kadhi.
Nikakinyanyua hewani, magurudumu yakavuma kama mzinga wa nyuki.
Nikakirudisha relini, mabehewa mawili nyuma,
mita ikiwa bado imeng'ang'ania:
nane,
sita,
nne na kitu,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani akihesabu.

Kumbe betri usiyoitwisha mzigo
hujibu kama tunavyojibiana sisi mlangoni:
Hujambo? Sijambo.
Za nyumbani? Salama.
Za kazi? Salama tu.
Kaka yangu Mhando ananijibu salama
tangu siku aliyorudisha funguo za karakana ya reli,
anajibu amesimama, mkono kwenye kitasa,
nami naandika moyoni: nane nukta moja.

Nikazilaumu seli, maana nilizitoa kwenye tochi ya mlinzi.
Nikazipima moja moja, kila moja nimeifunga balbu ya pikipiki
ili iseme kweli ikiwa inafanya kazi.
Zikawaka, zikaendelea kuwaka.
Nikaziomba radhi.

Ikabidi niifuate njia, kituo hadi kituo,
mota ikinguruma, Kibibi ameshika magurudumu kwa kidole
ili mlima uwe mlima:
seli hadi springi, springi hadi waya,
waya hadi swichi, swichi hadi mota.
Kwenye waya, sifuri. Kwenye swichi, sifuri.
Ndivyo inavyotakiwa, njia nzuri haidai nauli.
Lakini hapo springi inapoibusu seli,
pasipotakiwa kitu,
nikakuta volti tatu na zaidi
zimekaa, zinapata joto bure.

Nikaisogeza karibu na jicho. Ukoga wa kijani.
Chumvi ya Tanga.
Ile ile iliyotoboa bati letu la uani,
iliyokula bawaba za dirisha na mnyororo wa baiskeli,
imepekua hadi ndani ya kopo la samli
kutafuta kitu cha upana wa ukucha.

Limau, msasa, kitambaa kikavu.
Kisha nikalehemu waya juu ya springi,
moshi ukanipanda puani, kidole kikaungua kidogo,
nikasema neno ambalo Kibibi sasa analijua.

Saa tatu usiku kilipanda.
Hakikupanda kwa mbwembwe. Kitabu cha kwanza, cha pili,
Kibibi anapiga honi kwa mdomo,
cha tatu, mita inasoma saba na haishuki,
cha nne. Behewa la mwisho likaanguka kwenye kona
na hatukujali.

Kesho nitapita Mabawa kwa Mhando.
Sitamuuliza habari.
Nitamwambia kitanda cha mama kinahamia chumba cha pili,
kile cha mninga, shika upande ule.
Nitahesabu hatua.
Akitua kabla ya kizingiti,
nami nitatua.